Ondoa Robo

Mzee Verlin Haskett alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa korongo tangu saa nne asubuhi, tumbo juu ya gunia, darubini machoni, na kitu pekee kilichompa joto kilikuwa hasira. Umri wa miaka sabini na tisa si umri wa kulalia mawe yenye theluji. Lakini hii ilikuwa siku ya mwisho ya msimu wa kulungu, na jua likizama kabla yeye na mwanawe hawajapata mnyama kwa umbali atakaoutaja kwa kinywa chake, atafungashiwa nguo zake apelekwe Boise, kwenye nyumba ya kulelea wazee, ambako bintiye Joleen ameshakagua kitanda, pazia, na dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Tuseme ukweli, alijitakia. Joleen alikuja Jumapili iliyopita, akaketi mezani bila kuvua koti, akamwaga yote. Jiko lililoachwa likiwaka mpaka sufuria ikatoboka. Dawa zilizomezwa mara mbili. Na ile asubuhi jirani alipomkuta darajani, amevaa slipa kwenye baridi, anatazama barabara, hajui ametokea upande gani. Mtu mwingine angeinamisha kichwa. Verlin aliyainua mabega.

"Kichwa changu unakijua wewe?" alimwambia. "Kichwa changu kinajulikana mlimani."

"Baba, hapa hatuongelei mlima."

"Mimi ndio naongelea huo. Corliss atapiga, mimi nitamtajia umbali, kama siku zote. Nikikosea, nitapanda gari lako mwenyewe, hakuna atakayenisukuma. Nikipatia, hilo jina la Boise nisilisikie tena ndani ya nyumba hii."

Joleen alimtazama kaka yake, Corliss, mtu mzima wa miaka arobaini na saba aliyerudi kuishi kwa baba yake baada ya mkewe kumwacha. Corliss alitazama kikombe chake. Basi ikawa makubaliano.

Na Verlin hakuwa mpumbavu kuweka shingo yake hapo. Kwenye umbali, bonde zima lilimjua. Kupiga shabaha kwenye tambarare ni kazi ya mtu yeyote mwenye mkono uliotulia, lakini makorongo ya Mto Salmon si tambarare. Mnyama yuko chini yako kama aliyeko shimoni, jicho linakudanganya, na ukishapata umbali wake bado hujapata kitu, kwa sababu risasi haivutwi na ule mteremko mrefu unaouona. Inavutwa chini kwa kadiri ya ardhi bapa iliyopo kati yako na mnyama, na hiyo siku zote ni fupi kuliko unayoiona. Mgeni akipima yadi mia nne kwenda chini, huinua mtutu kwa yadi mia nne, na risasi yake hupita juu ya mgongo wa kulungu ikaenda kutoboa mlima. Verlin angekwambia ni mia nne, halafu angekwambia ondoa robo, ushike kama mia tatu. Mteremko ukizidi, ondoa theluthi. Alijifunza hivyo kwa baba yake, pamoja na sheria ya nyumba yao: anayetazama hapigi, na anayepiga habishi.

Kwa siku nane hawakuona dume wa halali kupigwa. Majike, watoto, mara moja dubu. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, mawingu yameshuka, na Corliss alikuwa ameegemea shina la msonobari akitafuna nyama kavu.

"Corliss."

"Naam."

"Acha kutafuna kama ng'ombe, uje hapa."

Chini kabisa, pale korongo linapopinda, dume alikuwa ametoka kwenye vichaka. Pembe zake zilikuwa na matawi manne kila upande. Alisimama akiwapa ubavu, akala jani, akasimama tena. Moyo wa Verlin ulimpiga mpaka darubini ikacheza, akajikaza kisabuni. Alifanya alivyofanya maisha yake yote: akaweka kwa macho uwanja mmoja wa mpira, yadi mia, pale chini ya miguu yao mpaka kwenye jiwe jekundu, wa pili kutoka jiwe jekundu mpaka kwenye mti uliopigwa na radi, wa tatu mpaka kwenye maporomoko ya kokoto, wa nne ukaishia kwenye kwato za dume. Akarudia kutokea kwa dume kuja juu. Vinne tena.

"Mia nne," alinong'ona. "Ondoa robo."

Corliss alikuwa amelala nyuma yake kidogo, upande wa kushoto.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mia nne una hakika?"

"Nina hakika kuliko ninavyojua jina lako. Ondoa robo. Mshike nyuma ya bega, katikati. Na uvute pumzi, umeanza kuhema kama umekimbizwa."

Kulikuwa na kitambo. Kitambo kirefu mno, Verlin alikuja kukumbuka baadaye. Kisha bunduki ikalia, na korongo likaurudisha mlio mara tatu.

Aliona kila kitu. Aliona dume akiruka, akaona mguu wa mbele ukining'inia kama kamba, na vumbi la theluji chini ya kifua. Dume akaingia vichakani kwa miguu mitatu, akapotea.

"Chini," Verlin alisema. Sauti haikuwa yake. "Umempiga chini."

"Nilishika pale pale, Baba."

"Umempiga mguu. Imeshuka karibu shubiri."

"Nilishika uliposema!"

Na hapo Verlin akaishusha darubini. Kwa sababu Corliss ana kasoro zake, hajui kupika, hajui kukaa na mwanamke, lakini bunduki anaijua. Aliyemfundisha ni yeye Verlin. Kama Corliss ameshika pale pale na risasi imekwenda chini, basi aliyekosea ni aliyetaja. Alirudi kwenye darubini, akahesabu viwanja vyake. Vinne. Akahesabu tena, na safari hii hakujua kama anahesabu anachokiona au anachotaka kukiona. Labda ndivyo kichwa kinavyoondoka. Labda hakipigi hodi, wala hakiagi. Kinakuachia namba zako zote mdomoni, ila hazina kitu ndani.

"Twende," alisema Corliss, bila kumtazama. "Hatuwezi kumwacha hivi."

Hilo halikuwa na mjadala. Ukishamwaga damu ya mnyama, kadi yako ya kibali umeshaitumia, umpate usimpate, na mtu anayelala nyumbani huku mnyama wake anaburuta mguu milimani hakaribishwi meza moja na akina Haskett. Walitembea ukingoni, juu kwa juu, Verlin akitafuta kwa darubini. Theluji nyembamba ya asubuhi iliwasaidia. Kila baada ya hatua hamsini aliona tone jekundu kule chini, dogo, kisha jingine. Magoti yalimuuma vibaya. Akazidi kutembea.

Alichokuwa anakiwaza hakikuwa dume tena. Aliwaza lile dirisha linalotazama magari. Aliwaza jinsi atakavyokaa na wazee wengine wakiimbishwa nyimbo na msichana mwenye kadi ya jina kifuani. Aliwaza nyumba yake ya magogo, iliyo karibu na daraja, na jinsi miaka yote, akirudi na nyama, alivyokuwa akipiga honi mara mbili akifika darajani ili mkewe aanze kukata vitunguu, na kwamba mpaka anaingia mlangoni mafuta yalikuwa yameshaanza kulia, na moyo wa kulungu ukaingia kikaangoni ungali na joto. Arlene alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa. Nyumba ndiyo iliyobaki. Aliona macho yanamwasha, akasingizia upepo.

"Baba, pumzika."

"Nipumzike ili iweje? Nitapumzika Boise."

"Usianze."

"Sianzi. Namaliza."

Dume alionekana saa kumi na nusu. Alikuwa amelala kwenye kijukwaa cha mwamba, chini yao, ubavu juu, kichwa bado kimesimama. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa jiwe ulioshuka mpaka mtoni. Ukimkaribia atasimama, akisimama ataanguka, na mto utamchukua na nyama na pembe na kila kitu. Ilibaki nusu saa ya mwanga. Na theluji ilikuwa imeanza tena, safari hii matonge makubwa, mazito.

Corliss alilala chini, akaweka bunduki sawa. Akasubiri atajiwe.

"Piga," alisema Verlin.

"Nitajie."

"Sikutajii."

"Baba."

"Nimekwambia sikutajii! Ile ya kwanza si ulinisikiliza? Umeona ilikokwenda. Kadiria mwenyewe, una macho."

"Mimi siwezi kukadiria hivi, unajua siwezi. Na risasi zimebaki mbili, nikikosa ya kwanza anasimama."

"Basi kosa." Verlin alikuwa amekaa kwenye theluji, mgongo kwa mwanawe, mikono ikitetemeka mapajani. "Kosa peke yako. Mimi usinitie tena. Sitaki kuua mnyama mara mbili."

Ndipo aliposikia zipu ya mfuko, na mlio mdogo wa kubofya, kisha mwingine, kisha Corliss akitukana kwa sauti ya chini. Aligeuka. Mwanawe alikuwa ameweka jichoni kidude cheusi kinachoenea kiganjani. Verlin hakuwahi kumiliki kitu kama kile, lakini alivijua. Vijana wa mjini huja navyo. Kipimaumbali. Unakibofya, kinarusha mwanga, kinakupa namba.

"Kinasoma theluji," Corliss alisema, kama mtu anayejisemea. "Hakimwoni. Kinasoma theluji tu."

"Hicho cha nani?"

Corliss alikishusha. Uso wake ulikuwa mwekundu, na si kwa baridi.

"Cha mume wa Joleen."

"Unacho tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Joleen alisema nikupime. Wewe ukitaja, mimi nibofye, halafu nimwambie umekosea mara ngapi. Nimekupima wiki nzima, Baba. Nguzo za uzio, marobota ya nyasi, lile lori bovu la kina Tuttle pale jirani. Hujakosea hata mara moja. Yadi tano, sita, basi."

"Na leo?"

"Leo ulisema mia nne, kikasoma mia tatu na sita." Sasa maneno yalikuwa yanamtoka kwa kasi. "Nikajua ndio imefika. Umekosea yadi mia nzima. Nikasema moyoni mzee kwisha. Nikashika namba ya kifaa, nikaondoa robo kama ulivyosema."

Verlin alimtazama. Kitu kilikuwa kinapanda kifuani mwake, polepole, na hakuthubutu kukiamini.

"Kilisoma mia tatu na sita," alirudia. "Kwenda chini vile."

"Ndiyo."

"Na nguzo za uzio ziko tambarare. Na nyasi. Na lori."

"Ndiyo, sasa..."

"We mpumbavu wewe." Alisema taratibu, karibu kwa upole. "Hicho kidude kimetengenezwa kwa ajili ya milima. Kikiinamishwa kinajua kimeinamishwa. Ile mia tatu na sita ndiyo mia nne iliyokwisha kuondolewa robo! Kimeshakuondolea, na wewe ukaondoa tena. Umempiga kama aliyeko mia mbili na thelathini. Kwa nini asivunjike mguu?"

Corliss alikitazama kidude mkononi. Na Verlin Haskett, aliyekuwa ameketi kwenye theluji akijizika mwenyewe kwa saa nzima na nusu, alitaka kucheka na kulia na kumzaba kofi mwanawe, yote kwa pamoja. Hakikwenda. Kichwa hakikwenda! Viwanja vilikuwa vinne, na vilikuwa vinne kweli.

Lakini jambo lilikuwa halijaisha kumwingia, na lilipomwingia lilichoma.

"Ungeniuliza," alisema. "Ungesema, Baba, hiki kinasema vingine. Ningekwambia pale pale."

"Najua."

"Lakini ulitaka niwe nimekosea."

Theluji ilianguka kati yao. Corliss alijifuta uso kwa mkono mzima.

"Nimechoka, Baba," alisema. "Usiku silali, nasikiliza mlango. Kazini naenda nikiwaza jiko. Ndiyo, kidogo nilitaka. Nisamehe. Sasa nitajie, kwa sababu yule anateseka na mimi sina macho."

Verlin alitambaa mpaka pembeni yake. Alifuta darubini kwa ncha ya shali, akatazama kupitia matonge ya theluji. Kijukwaa, mwamba, pembe. Akaweka uwanja wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaishia juu kidogo ya dume, akatafuta nusu ya uwanja, akaiona. Mikono ilikuwa imetulia. Aliona aibu kidogo kwa jinsi ilivyotulia.

"Mia tatu na hamsini. Hapa mteremko umezidi, ondoa theluthi. Shika kama mia mbili thelathini, na hiyo ndiyo uliyoipiga mchana, kwa hiyo mkono unaikumbuka."

"Sawa."

"Usilenge katikati ya ubavu. Uko juu yake, risasi inaingia mgongoni na kutokea chini. Waza inapotokea. Panda karibu na uti wa mgongo, shubiri moja tu. Hapo. Vuta pumzi."

"Baba."

"Anayepiga habishi."

Bunduki ililia. Kichwa cha dume kililala juu ya mwamba taratibu, kama mtu anayeegemea mto, na hakikuinuka.

Iliwachukua muda kufika. Corliss alizunguka kwa njia ya wanyama, Verlin akashuka kwa makalio sehemu kubwa ya mteremko, akilaani kila jiwe. Walipomfikia, mwanga ulikuwa wa kijivu. Corliss alitoboa tarehe kwenye kadi ya kibali, akaifunga kwenye pembe. Kisha akachomoa kisu.

"Matawi manne," alisema Verlin. Hakuweza kuuzuia mdomo wake. "Mia tatu na hamsini, kwenye theluji, na kidude chenu kinahesabu manyoya ya mawingu. Mpelekee shemeji yako, mwambie akapimie sebule yake."

Corliss alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo. "Nitamwambia."

"Mwambie na Joleen. Neno ni neno."

"Neno ni neno, Baba. Umeshinda. Boise imekufa." Alimpasua dume tumbo, mvuke ukapanda, akaingiza mkono mpaka kiwikoni. Alipoutoa alikuwa ameshika moyo, mzima, mkubwa, ukichuruzika. Risasi ilikuwa imepita kando yake.

Verlin aliupokea kwa mikono miwili. Joto lake lilimpanda mpaka mabegani. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu hakumbuki lini.

"Huu tuwahishe ungali hivi," alisema. "Tukifika darajani piga honi mara mbili, Arlene aanze vitunguu."

Kisu cha Corliss kilisimama.

Kilisimama kwa muda mfupi tu, kisha kikaendelea. "Sawa, Baba," alisema Corliss. "Nitapiga."

Ni ile "sawa" iliyomshtua. Miaka arobaini na saba Corliss hajawahi kukubali jambo bila kubishana kwanza.

"Nimesema nini?"

"Umesema nipige honi."

"Na nini tena?"

"Basi. Honi tu." Corliss hakuinua uso. "Tuwahi, mwanga unaisha."

Verlin alisimama na moyo mikononi. Kati yake na mwanawe zilikuwa hatua mbili, na aliona kila kitu kwenye yale mabega yaliyoinama: kwamba mwanawe anamdanganya, kwamba anamdanganya kwa mapenzi, na kwamba atamdanganya hivyo hivyo kesho na keshokutwa, huku akisikiliza mlango usiku. Arlene. Verlin mwenyewe ndiye aliyechagua mbao za jeneza la mkewe.

"Makubaliano yalikuwa umbali," Corliss alisema ghafla, kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu amebisha. "Umbali umepatia. Mara zote mbili. Mengine hayakuwemo."

"Hayakuwemo," Verlin aliitikia.

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameshinda. Angeweza kupanda pikapu sasa hivi, akalala kitandani kwake, na Joleen asingekuwa na la kusema. Alitazama mto chini, kule ulikokwenda kupita chini ya daraja lao.

"Ile asubuhi ya slipa," alisema. "Wote mliniuliza nilikwenda kufanya nini pale, sikujua. Sasa najua. Nilikuwa nasubiri kusikia honi. Nilidhani mimi ndiye niko mlimani, na pale darajani nimekuja kumsaidia Arlene kunisubiri."

"Baba, tafadhali."

"Ukingoni kule juu simu inashika?"

"Inashika."

"Panda, umpigie dada yako, kabla sijasahau nilichotaka kusema." Alivua shali yake, akaufunga moyo wa kulungu ndani yake vizuri, mikunjo miwili, usipoe. "Mwambie nilipatia."

Corliss alikuwa analia sasa, wazi, bila kujificha, damu mpaka viwikoni. "Nitamwambia."

"Halafu mwambie aje na gari."